Breki za Mikese

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mabati ya Mchafukoge, simu iliita mezani kwa Tarsis Mallya. Aliyepiga alikuwa Candida, mkuu wa madereva katika kampuni ya malori ya masafa marefu yenye ofisi ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Walifahamiana kikazi: semi za kampuni ile, yale malori ya kuvuta tela, zilishusha sukari mjini, na Fuso mbili za Tarsis zikaisambaza Kariakoo na kuifikisha hadi Morogoro.

Candida alikuwa na kijana aitwaye Beno, aliyeomba kuendesha semi za Tunduma. Vyeti alikuwa navyo, lakini kwa waajiri wa malori vyeti ni mwanzo tu wa mazungumzo. Dereva ambaye hajakomaa barabarani hujaribiwa kwanza: hurudisha tela kinyumenyume yadini, kati ya mapipa, mbele ya watu wanaomcheka, kisha bosi wake wa mwisho hupigiwa simu. Miaka ya utingo haihesabiwi, wala safari za mjini. Kinachohesabiwa ni muda aliokaa nyuma ya usukani kwenye barabara kuu, na hali aliyolirudisha nayo gari.

Tarsis alijibu kwa mpangilio, kama alivyozoea tangu alipokuwa kiranja mkuu katika shule ya bweni, ambako aliwahi kupeleka jina la mdogo wake mwenyewe kwa mwalimu wa zamu. Beno alikuwa dereva wake kwa miaka miwili sasa. Hakuwa mlevi. Hakuwa mchelewaji.

"Aliwahi kugonga?" Candida akauliza.

"Aliwahi. Juni mwaka jana, kwenye mteremko wa Mikese. Aliingiza gari kwenye ukingo."

Candida alishukuru, akasema kwamba majina ya madereva wapya yangepitishwa saa kumi jioni, akakata simu.

Angelina, karani wa Tarsis, alikuwa kwenye meza ya pili. Hakuinua kichwa.

"Bosi, hukumwambia habari ya breki."

"Hakuuliza."

"Sawa. Hakuuliza."

Kila neno alilolitamka Tarsis lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomsumbua. Asubuhi ya safari ile Beno alimwambia kwamba kanyagio la breki linazama. Tarsis alimjibu apeleke sukari kwanza. Fundi angelitazama gari likirudi. Pale mteremkoni breki zilikataa, na Beno, badala ya kulivaa basi lililokuwa limesimama mbele yake, alilielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Trafiki walipomhoji, alisema alizikagua breki mwenyewe na kuziona nzima. Kosa likaandikwa kwa jina lake. Tangu hapo hawakulizungumza tena, na Tarsis, aliyejivuna kwamba hadaiwi na mtu, alijua kwamba anadaiwa.

Alijua pia sababu ya kunyamaza kwake asubuhi hii. Kulikuwa na mzigo wa kwenda Morogoro kesho yake, na hakuwa na dereva mwingine wa kumwamini.

Mchana Beno alipanda ngazi, shati limelowa mabegani. Kwao ni Songea, na kadiri alivyofurahi ndivyo alivyozungumza taratibu. Aliamkia, akaitikiwa. Akaeleza kwamba amelirudisha tela bila kugusa pipa hata moja, na madereva wakongwe waliokuwa wakimwita dereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, wakampigia makofi.

"Nimewapa namba yako, mzee," akasema. "Nimewaambia, huyu mzee hata umkere vipi hawezi kukusingizia. Atasema kama ilivyokuwa."

Angelina alicheka puani, kisha akajifanya anakohoa. Tarsis alimwambia kijana akapumzike ghalani. Wali aliokuwa ameletewa aliuonja, akaufunika. Alijaribu kukagua hesabu za siku, akajikuta anasoma mstari uleule. Saa tisa alivaa koti, akatoka kwa miguu, akakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja katika tope, bila mwamvuli.

Candida alimwonyesha kiti. Tarsis hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini: kanyagio, sukari, basi, ukingo, na maneno ya Beno kwa trafiki. Alimaliza kwa kusema kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

"Si lako peke yako, kaka Tarsis," Candida akasema. "Dereva anayesema breki ni mbovu, huyo namtafuta. Anayesema breki ni mbovu, halafu akawasha gari kwa sababu bosi kasema, huyo ataniulia watu. Miaka yake miwili kwako naihesabu sifuri."

Tarsis, asiyezoea kuomba, aliomba. Candida akakubali jambo moja: Beno angeingia kama dereva wa pili, chini ya mkongwe wao Sadalla, na kwa miezi sita asingeshika usukani kwenye mteremko wowote. Kuhusu sukari ya Kariakoo, alisema kwa upole kwamba ingebebwa na magari mengine mpaka atakapoziona breki za Tarsis kwa macho yake.

Tarsis alirudi akiwa amepoteza kazi ya Kariakoo, lakini kifua kikiwa chepesi. Katika tope lilelile alijiona tena mtu aliyenyooka. Alimwita Beno kutoka ghalani, akamweleza yote mbele ya Angelina, bila kujipunguzia. Beno alisikiliza akitazama sakafu. Sifuri ilipotajwa, alikaza taya.

"Basi, deni la Mikese tumemalizana," Tarsis akasema. "Kesho nipelekee ule mzigo wa Morogoro, uwe wa mwisho. Kampuni inakungoja Jumatatu."

Beno alitoa ufunguo wa Fuso mfukoni, akauweka mezani.

"Breki ya nyuma kushoto, mzee. Nilikwambia juzi. Ukasema fundi anakuja."

Tarsis alifungua kinywa. Jibu lililomjia lilikuwa lilelile la Juni, neno kwa neno: kwamba fundi angelitazama gari likirudi. Aliona Angelina ameacha kuandika, anangoja alitamke. Hakulitamka, lakini alikuwa ameshalisikia, na ule wepesi wa kifuani ukamtoka.

"La Mikese umelilipa leo, nakushukuru," Beno akasema. "La pili sikukopeshi."

Akaaga kwa heshima, akashuka ngazi. Ufunguo ulibaki pale mezani, na sukari ya Morogoro ikalala ghalani.