Dereva Mpya wa Mzee Eliezeri

Mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka tena, Basili aliteremka kutoka Old Moshi kutafuta kazi mjini. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na leseni aliyokuwa nayo ni ya gari dogo tu. Mfanyabiashara wa mahindi, Mzee Eliezeri, alimsikiliza, kisha akasema, "Pata leseni ya malori, nitakuajiri. Alawi atakufundisha."

Alawi alikuwa ameendesha lori la Mzee Eliezeri miaka kumi na tisa. Basili alidhani lori la pili linanunuliwa. Hakuuliza.

Kila asubuhi kabla ya kupakia mzigo, walikwenda kwenye kiwanja nyuma ya maghala. Alawi alisimamisha mapipa matupu, akamtaka apite katikati yake kwa rivasi.

"Acha kupindisha shingo. Vioo viko wapi?"

"Hivi hapa, mzee."

"Basi viamini."

Kwenye mpando lori lilimrudia nyuma, jasho likamtoka. Alawi hakufoka. "Klachi iachie taratibu. Utaisikia inaposhika."

Jambo moja tu lilimshangaza Basili. Mara kwa mara, wakiwa barabarani, Alawi alimuuliza kibao cha mbele kimeandikwa nini.

"Unanipima, mzee?"

"Nakupima."

Baada ya miezi mitatu, mkaguzi wa polisi alipanda lori na kumpa Basili mtihani. Basili hakugusa pipa hata moja, na mpandoni lori halikurudi hata shubiri. Alipotangaziwa kwamba amefaulu, alimkimbilia Alawi. Mzee yule alimkumbatia, akakawia kumwachia.

Ofisini, Mzee Eliezeri aliweka funguo mezani. "Kesho unapeleka mahindi Holili, mpakani."

"Na mzee Alawi?"

"Hajakuambia? Macho yamekwisha. Mwezi wa pili nusura aparamie watu. Nilimwomba anifundishie mtu kabla hajapumzika."

Basili alimkuta Alawi ndani ya lori, akitoa vitu vyake: msala, chupa ya chai, sweta.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Ungejifunza?"

Basili alimpokea chupa ya chai.

"Ungenionea huruma, ukarudi kwenu. Na Mzee Eliezeri angemleta mwingine, asiyejua kusikiliza gari."

"Bado naweza kukataa."

"Usiniongezee uchungu, mwanangu. Nimeshalia nyumbani, yatosha."

Alishuka akipapasa ngazi kwa mguu. Basili alimpa mkono, lakini Alawi hakuuona.

Safari ya Holili ilikwenda salama. Jumapili, baada ya misa, Basili alibeba mkungu wa ndizi hadi kwa Alawi, mtaa wa Majengo. Mke wa mzee, Mwanaasha, alifungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mzee yupo?"

Mwanaasha alitazama pazia la chumbani. "Yupo. Ila amesema umwie radhi, leo hawezi kukaa na mtu. Hana kinyongo nawe, usidhani. Asubuhi huvaa viatu, akaketi kitandani. Nikimuuliza aendako, anavivua mbele yangu."

Ndani mtu alikohoa.

Basili aliketi barazani. Aliletewa chai, akainywa yote hata ilipopoa, akisubiri pazia lifunguke. Halikufunguka. Alirudi Jumapili ya pili, na ya tatu, pazia likabaki limefungwa. Jumapili ya nne alikuwa safarini, na tangu hapo safari zikawa nyingi.