Kigae cha Milimita Nne

Jumamosi moja ya Juni, saa tatu asubuhi, Zulmira Cachola aliwasha bamba la kupashia moto katika duka la sakafu mjini Coruche, akaliweka nyuzi ishirini na saba, akapanga juu yake vigae viwili vya gome la mwaloni, lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Wateja wenye mabomba ya maji moto chini ya sakafu huchagua kwa nyayo. Wanavua viatu, wanakanyaga, wanasema.

Siku hiyo walikuja Dona Benedita na mumewe, Mhandisi Tristão, kutoka Lisbon.

"Hiki cha milimita sita kimetoka kwenye miti iliyopumzishwa miaka tisa," alisema Zulmira. "Kinachelewa kidogo kupata moto, lakini kikishapata kinakaa nao. Kibandikwe kwa gundi, mama, na joto lisizidi hapo mnapoona."

"Na hicho chembamba?"

Kile chembamba cha milimita nne kilikuwa kimeshapata moto. Kilianza kutoka damu pembeni, damu ya rangi ya kutu, ikachuruzika hadi ukingo wa bamba. Kikanuka kama kidonda kisichosafishwa. Kisha katikati yake ikapanda namba mbili, nyeupe, yenye mkia uliopinda juu.

Zulmira aliujua mkia ule. Mwaloni ukishabanduliwa gome hupakwa tarakimu ya mwisho ya mwaka huo, ili mtu asiuguse mpaka miaka tisa iishe. Mbili ile aliipaka baba yake, mzee Hermínio, miaka minne tu iliyopita, kwenye miti yake mwenyewe aliyoikodisha kwa kampuni. Miti arobaini na mmoja. Kumbe wameshaanza kuichuna kimyakimya! Kigae kile kikiagizwa, miti iliyobaki yote itachunwa, na mwaloni ukichunwa kabla ya wakati wake haumalizi kiangazi.

"Hicho hakifai," alisema. "Mti wake haujapona. Si mnaona wenyewe, kinatoka damu."

"Tunaona," alisema Mhandisi, ameshasimama juu yake pekupeku. "Lakini joto linavyopita! Benedita, njoo ukanyage."

Dona Benedita akakanyaga, akafumba macho. "Jamani! Kama tumbo la mtu. Hiyo damu inafutika?"

"Kwa kitambaa na maji vuguvugu tu, mama yangu," alijibu Aníbal, mwenye duka, akitoka ofisini huku anatafuna keki. "Msimsikilize huyu, ana huruma na miti kama kaizaa yeye."

Wakacheka. Ptu! Watu wamesimama juu ya kidonda, vidole vyekundu, na bado wanaulizana rangi ya mapazia.

"Bosi, hii ni miti ya baba," alisema Zulmira.

"Basi mpelekee habari njema. Jumanne ana kazi ya kubandua iliyobaki."

Jioni, nyumbani, mzee Hermínio alikuwa mezani na supu yake ya mkate na kitunguu saumu.

"Wateja wamechagua kipi?"

"Chembamba, baba. Kimetoka kwenye miti yako, na Jumanne wanataka ubandue iliyobaki."

Akaweka kijiko chini. "Mashetani wakubwa. Nikikataa wataleta watu wa mashoka mabutu, waipasue mpaka nyamani. Kama ni kufa, heri ife mikononi mwangu."

Jumanne akanoa shoka, akaibandua yote iliyobaki, akiiomba radhi mmoja mmoja. Ilipofika Septemba ilikuwa imekauka imesimama, na mzee hakutaka tena kutoka nje.

Novemba Dona Benedita alipiga simu dukani. Hakupiga kulalamika. Sakafu inatoka damu kila wanapowasha mabomba, alisema, lakini wamenunua beseni, wanaosha miguu kabla ya kupanda kitandani, wala si tabu. Watoto wameshazoea harufu. Sasa dada yake naye anakitaka kigae hichohicho.

Zulmira ndiye aliyekuwa ameishika simu.

"Hicho kimekwisha, mama. Miti imekufa."

"Pole. Kwani hakuna mzee mwingine mwenye miti?"

Alikuwepo mmoja, ng'ambo ya mto. Zulmira alichukua kalamu, akauliza vyumba ni vingapi.