Sungura Aliyewaka Mkia

Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu. Nikidanganya hata kwa nukta, ndevu zangu zianze kuotea ndani. Naanza na kiapo kwa sababu mtaani siku hizi nikimwambia mtu kwamba leo ni Jumatano, anakwenda kuhakikisha kwa jirani. Na aliyenifikisha hapo si adui. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye sijawahi kumenya muwa bila kumkatia kipande. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi changu kilikuwa upande wa pili wa uzio.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa lifti. Lifti ikikwama kati ya ghorofa, watu walioko ndani wana tabia mbaya: huyu analia, yule anapiga mlango mateke, mwingine anaanza kutubu dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza. Mimi niliweka jicho kwenye upenyo wa mlango na kuwapigia soga huku mkono ukihangaika na breki. Niliwasimulia habari za mbuzi aliyepanda lifti ile ile akashuka ghorofa ya juu kwenda kung'olewa jino. Mtu akicheka havunji kitu. Nikajifunza kusoma nyuso: uso ukilegea, unaongeza, uso ukikunjamana, unakata kona. Sikufundishwa chuoni, na chuo chenyewe nilikiona nilipokwenda kutengeneza lifti yao.

Nilipostaafu tukahamia safu ya mwisho ya nyumba, tukapakana na shemeji. Watu wanamwita Kimya. Alishona makoti maisha yake yote na pini mdomoni, na nadhani ndiyo maana hakuzoea kuongea. Alipofiwa na mkewe alijijengea banda la sungura kwenye ua wake, sungura weupe pepepe, na asubuhi ungemsikia akiwasemesha. Sisi binadamu alitubania maneno.

Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanda mkubwa wa nyasi. Kiangazi zinakauka hadi zinalia zenyewe, na upepo wa huku hauna adabu. Ndiyo maana manispaa ilitusimamishia ubao wa kanuni. Nyuma ya kila nyumba pawe na ukanda uliofyekwa, nyasi zisipite kifundo cha mguu. Matawi ya chini yakatwe. Majani makavu yasirundikwe kwenye uzio. Na tangu upepo uanze mpaka mvua ya kwanza inyeshe, ni marufuku kuchoma kitu chochote, iwe shimoni, iwe kwenye pipa. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu: moto ukianzia kwenye ua wako, kilichouleta kinaondolewa, na wewe unafyeka ukanda wa mtaa mzima peke yako.

Huo ukanda ni mrefu. Ukipiga mluzi mwanzo wake, mluzi unafika mwisho ukiwa hoi. Na mgongo wangu niliuacha kazini.

Sasa, palikuwa na godoro. La sufi, la zamani, na kunguni wake walikuwa wakubwa kiasi kwamba usiku wao ndio waliotugeuza ubavu. Mke wangu alilitoa nje, akasema lisubiri gari la taka. Gari la taka nalo linakuja likijisikia. Kwa hiyo alipokwenda sokoni nikalikatakata, nikalisokomeza kwenye pipa, nikawasha, nikafunika.

Shemeji alikuwa kwenye uzio wake, ameshika karoti.

"Upepo," akasema.

"Shemeji, pipa lina kifuniko. Huu si moto, huu ni upishi."

Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kujaribu koti.

Ningeliacha lile pipa lijiivie, nisingekuwa naandika haya. Lakini nikafunua nichungulie. Sufi si pamba, jamani. Sufi ina mbawa. Yalitoka mabonge meupe yanayowaka, yakapanda juu, yakaupita ukanda niliofyeka kwa mikono yangu kama wageni wanaopita jikoni bila kusalimia, yakatua kwenye nyasi ndefu. Moto ulishika ukakimbia hadi moshi wake ukabaki nyuma unauliza njia.

Shemeji aliruka uzio. Mtu wa umri ule! Alikuja na magunia yaliyolowa, moja akanitupia mimi, tukaupiga moto bega kwa bega. Mimi nilipigana kama simba watatu, na kama zimamoto wangechelewa kidogo wangekuta nimeshamaliza na ninapiga pasi majivu. Basi, walikuja na gari lao, wakamalizia. Iliungua sehemu ya uwanda na uzio wa Mama Cherehani, jirani yetu fundi wa nguo. Hakuna aliyeumia. Shemeji alipoteza nyusi moja.

Tulikaa chini, weusi kama masufuria. Nikamwambia, "Shemeji, wakijua, nimekwisha. Mgongo huu haufyeki ukanda ule."

Akajipapasa pale palipokuwa na nyusi. "Sikuona kitu," akasema.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Hayo ndiyo maneno aliyonipa. Nataka yakumbukwe.

Alasiri ile ile tukaitwa wote kwenye ubao wa kanuni. Aliyetuita alikuwa afande wa zimamoto, binti mdogo, buti zimejaa majivu, sura imenyooka kama rula.

"Moto ulianzia wapi?" akauliza.

Mama Cherehani akadakia. "Mimi niliona kwa macho yangu, afande. Kitu cheupe, kinawaka, kinavuka ukanda mbio! Puu, kikaingia nyasini."

Watu wote wakageuka kuangalia safu yetu. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaona uso wa afande umekunjamana, na mkono wangu ukaanza kutafuta breki.

"Sungura," nikasema.

"Sungura?"

"Sungura, afande. Ameshika moto mkiani. Alikuwa anakimbia huku anatazama nyuma, kama mtu aliyesahau chai jikoni."

Watu wakacheka. Uso wa afande ukalegea kidogo, na mimi tena ndugu zangu, uso ukilegea naongeza. Nikaeleza alivyoruka, alivyopiga chafya, alivyojaribu kuuzima mkia kwa makucha. Mzee mmoja alicheka hadi akashikilia ubao.

"Mzee wangu," afande akasema, "sungura wa uwandani ni wa kijivu. Mama hapa kasema cheupe. Alikuwa mweupe kweli?"

"Mweupe kama shuka ya hospitali."

"Na hapa mtaani nani anafuga sungura weupe?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukata kona, lakini nawaapia sikusema neno. Nilitazama tu zile nyuso, zote zimelegea, zote zinangoja, nami nikatikisa kichwa kuelekea kwa shemeji. Kichwa tu! Mdomo wangu haukushiriki.

Afande akamgeukia. "Baba, banda lako liko wapi?"

Shemeji akaonyesha.

"Limeegemea uzio wa nyuma, na nimeona majani makavu yamewekwa pembeni yake. Kanuni iko wazi. Banda linabomolewa leo, sungura wanaondolewa, na ukanda utafyeka wewe. Pole, baba."

Shemeji alinitazama mimi, akasubiri. Nami nikamkonyeza, maana nilikuwa nimeshapanga kila kitu: ningemsaidia kufyeka, kwa mdomo, nikikaa kivulini nikimpigia soga, na banda tungejenga jingine siku yoyote. Mtu mwenye akili angeelewa ule ukonyezo. Yeye akageuka akaenda zake.

Nikajua yamekwisha. Watu wakaniomba nirudie pale pa kupiga chafya.

Ndipo shemeji akarudi, amebeba tenga. Akaliweka mbele ya buti za afande, akafunua. Akamtoa sungura wa kwanza, akamgeuza, akauonyesha mkia. Mweupe, mzima, umejaa. Akamrudisha, akatoa wa pili. Mkia mzima. Alifanya hivyo kwa wote, polepole, kama anayemwonyesha mteja mishono ya ndani. Watu waliokuwa wanacheka na mimi sasa walikuwa wanacheka upande mwingine.

"Yule aliyeungua atakuwa alitoroka," nikasema.

"Hakuna aliyepotea," akasema shemeji. Kisha akanyoosha kidole. "Godoro." Akakielekeza kwenye ua wangu. "Pipa." Kikarudi kikasimama kifuani pangu. "Yeye."

Maneno matatu! Mtu aliyeishi kwa kubana maneno kama pini mdomoni, akayatoa yote siku hiyo, akanichoma nayo mbele ya mtaa. Mtu niliyeshikana naye mikono!

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Ulisema hukuona kitu! Damu moja na mke wangu, unaniuza mchana kweupe?"

"Mzee," afande akasema, "kwa hiyo palikuwa na kitu cha kuona?"

Nikatafuta la kujibu. Nilikuwa karibu kulipata, naapa, lilikuwa na popo ndani yake, lakini nyuma yangu nikasikia kikapu kinatua chini.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "godoro langu liko wapi?"

"Gari la taka limepita."

"Halijapita. Limeharibikia sokoni, nimelikuta limewazibia watu njia." Akanisogelea, akanyoosha mkono shingoni pangu, akatoa kitu kwenye kola. Kilikuwa kibonge cha sufi, kimeungua upande mmoja. Akakiinua juu wote wakakiona. "Huyu ndiye sungura wenu," akasema.

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Pipa lilipakiwa kwenye gari la zimamoto. Banda la shemeji likabaki, ila aliambiwa ayaondoe yale majani, akayaondoa siku hiyo hiyo. Mimi nikapewa fyekeo, na uzio wa Mama Cherehani nikaambiwa ni wangu pia kuujenga.

Nilifyeka kwa hasira. Kila nilipoinama nililiona lile tenga. Shemeji alikuwa akipita nyuma ya uzio wake na karoti zake, hanisalimii, na wala hakuja tena kwetu jioni kukaa na kutikisa kichwa wakati nikisimulia. Nilimweleza mke wangu kwamba sijaona usaliti wa namna ile, na kwamba kama si umri ningehama.

Akaweka kikombe cha chai juu ya jiwe. "Alikusaliti vipi?"

"Alisema hakuona kitu. Halafu akasema."

"Alisema hakuona, na alitaka kukaa hivyo mpaka kaburini. Unamjua kaka yangu. Aliruka uzio kwa ajili yako, nyusi ikaungua. Wewe ukachukua kitu pekee kinachomwamsha asubuhi, ukakitoa kafara ili watu wacheke."

"Nilitikisa kichwa tu, mama watoto."

"Basi nenda kakitikise mbele yake."

Nilimaliza chai. Nikatafuta hoja nyingine, na safari hii, nawaambia, nilitazama kila upande na hakukuwa na kona ya kukata. Nikaenda hadi kwenye uzio. Shemeji alikuwa anawabadilishia sungura maji.

"Shemeji," nikaanza, "unajua, kuna sungura mmoja huko mbali, siku moja—"

Akainua kiganja. "Bila sungura."

Ni kazi ngumu kusema kitu kifupi ambacho hakichekeshi. "Nilikusingizia," nikasema.

"Sisikii."

"Nilikusingizia, shemeji."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa mtaa. Nikaelewa. Nikavuta pumzi, nikageukia ile safu ya nyumba, nikapaza sauti kama niliyekwama mimi kwenye lifti: "Nilimsingizia shemeji yangu! Moto ulikuwa wangu!"

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Dirisha likafunguka, jingine likafunguka. Kuna aliyesema, "Rudia, mzee, huku hatujasikia vizuri," na shemeji hakumkataza. Nikarudia. Nikarudia tena kwa nyumba za mwisho kule, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nilipomgeukia, hakutabasamu. Hakunifungulia lango pia. Aliingia ndani, akatoka na tupa, akainyoosha juu ya uzio.

"Fyekeo lako butu," akasema. "Nimekuona tangu juzi unazipiga nyasi makofi."

Nikaipokea. Nikakaa chini nikanoa, nikarudi kufyeka, na ukanda ulikuwa bado mrefu.