Kilio Ingoje Kwanza

Tangu asubui Papa Athanase alikuwa anapigana na televizyo, na televizyo njo ilikuwa inashinda.

Kesho, dimanche, famille yote ilikuwa na kukuya mu parcelle yake kulia Jean-Luc, mutoto wake wa kwanza. Kilio bila maiti. Jean-Luc alienda kuchimba ku Shinkolobwe, shimo ikaanguka, na miaka mine sasa hakuna mutu alimuona, ata kiatu yake. Ba famille balisema: inatosha, mutu aliliwe, roho yake ipumzike. Picha yake ilishaingia mu cadre. Turubai ya kufunika bantu ilishapatikana. Yaya Barthélemy, mukubwa wa famille, alishachagua ata pa kuweka masufuria.

Halafu jana mangaribi, Marlène, mudogo ya Mama Clotilde, bibi ya Athanase, akapiga telefone toka Kolwezi. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

— Yaya Clotilde, nimemuona! Ku télé ya bule ya internet, ile chaîne ya Kinshasa. Balikuwa banaonyesha bantu ba ndakala, ile samaki kidogo ya kukausha, ku Kalemie, yee akapita hivi, nyuma ya journaliste. Batarudisha kesho, à quinze heures, saa tisa. Muangalie na macho yenu, minye naweza kukosea.

Mama Clotilde akaanguka na magoti mu salon. Athanase, yee, akahesabu paka saa tu. Ku Likasi ata mutoto ya maternelle anajua: kama Kinshasa wanasema saa sita, huku ilishakuwa saa saba. Kitu ya Kinshasa, unaongeza saa moja. Athanase alikuwa anaongeza hii saa tangu wakati wa Zaïre, na siku moja haikumudanganya.

— Kwetu itakuwa seize heures, saa kumi, akasema.

Ile maneno aliambiaka mutoto pa kiingilio, « usirudi hapa mpaka utaacha Shinkolobwe », ilikuwa inamukaa mu koo sawa mufupa ya samaki. Mutoto hakurudi. Mutoto aliskia baba yake.

Sasa ilikuwa samedi, saa nane ya muchana, na ku écran mulikuwa paka kaduara kamoja keupe, kanazunguka, kanazunguka.

Njo pale Athanase aliita Patrice, jirani, ule alisoma informatique miaka mbili ku Lubumbashi, halafu akarudi nyumbani, anasema ni masomo njo ilimuacha yee. Patrice akakuya na clé USB, na ile application ya bule ndani.

— Papa Athanase, hii kitu inabeba chaîne mia tatu.

— Minye nataka moja.

— Mia tatu, papa! Ata ya ba-Chinois.

— Patrice. Moja.

Application ikaingia. Ikafunguka. Ikaomba mise à jour, eti ilishakuwa ya zamani. Mise à jour ikaomba réseau ya internet. Réseau, mu ile salon, ilikuwa paka pa dirisha, juu kabisa, fasi muntu hawezi kushika telefone mukono isikufwe ganzi. Athanase akaleta kipande ya fil ya cuivre, waya ya shaba. Alifanyaka électricien ku usine miaka makumi tatu, na fil haikosekane mu mufuko yake. Akafunga telefone ya Patrice ku chuma ya dirisha: akazungusha fil mara tatu, akakaza, halafu akakunja ncha, akaiingiza ndani ya mizunguko mpaka haionekane tena.

— Papa, unafunga telefone ao unasuka mutoto nywele? Patrice akacheka.

— Ncha ya fil ikibakia inje inachoma mukono ya mwenzako. Minye njo nilivumbua hii. Ku usine banakata ncha tu.

— Hakuna mutu mwingine anafungaka hivi?

— Jean-Luc. Nilimufundisha.

Patrice akaacha kucheka.

Réseau ikakuya. Kaduara kakazunguka tena, kakasimama, maandiko ikatokea: « connexion impossible », haiwezekane kuungana. Patrice akazima, akawasha. Impossible. Akatoa application, akairudisha. Impossible. Mama Clotilde alikuwa ameikala chini na chapelet ya kusali, anaangalia ile neno sawa muntu anaangalia mulango ya hôpital.

— Patrice, mutoto wangu, inasema nini?

— Inasema tungoje, mama.

— Haisemi tungoje. Minye niko najua kusoma.

Jasho ikatoka Patrice mu uso. Akaingia mu réglages ya télé, akafinya, akafinya, halafu akapiga kelele:

— Ah, shetani! Angalia date! Hii télé inawaza tuko mu deux mille quinze, mwaka 2015!

Njo ilikuwa hii. Kila wakati courant inakatika, ile télé inasahau siku, inarudia siku ilizaliwa. Na internet inakatala kuongea na kitu inatoka mu miaka ya zamani. Patrice akatia siku ya kweli, akachagua saa ya Lubumbashi. Pa kona ya écran ikaandikwa 15 h 37.

Na picha ikatokea! Safi, na rangi yote. Mama Clotilde akapiga kigelegele moja, akaikata katikati, akakumbuka picha mu cadre.

Ku écran, mwanamuke na micro alikuwa anaongea mbele ya magunia ya ndakala. Nyuma yake bantu banabeba, banashusha. Kijana moja alikuwa ameinama, mugongo inje, chapeau ya kichwa imefunika macho. Alikuwa anafunga gunia na fil.

— Acha hii, Athanase akasema. Bado dakika makumi mbili na tatu. Mégas ya internet itaisha kwa bure. Funga kwanza, tutafungula à seize heures pile.

— Ngoja, Mama Clotilde akasema. Ngoja, baba. Ile shingo…

— Clotilde! Mégas itaisha mbele ya émission yenyewe!

Patrice akafunga.

Bakaikala batatu mbele ya écran mweusi, banajiona ndani. À seize heures pile bakafungula. Mupishi moja, mwanaume munene, alikuwa anakata poivron. Bakangoja. Akamaliza poivron, akashika kitunguu.

Telefone ya Clotilde ikalia, Athanase akaikamata. Marlène.

— Alors? Mulimuona? Ni yee?

— Haianze bado, Athanase akajibu. Banapika kwanza.

— Haianze namna gani? Imeisha, shemeji! Nilikuambia à quinze heures!

— Quinze heures ya Kinshasa.

— Ya Kinshasa gani? Niko Kolwezi! Bale ba Kinshasa balisema quatorze, saa nane, minye nikaongeza moja, njo nikakuambia quinze!

Kumbe Athanase aliongeza saa yenye ilishaongezwa. Mama Clotilde hakumutukana. Hii njo ilimuumiza zaidi. Akafunika uso na kitambaa, akaanza kulia pole, sawa kilio ilishafika.

— Batarudisha tena? Patrice akauliza mu telefone.

— Hapana. Ilikuwa mara ya mwisho.

Athanase akasimama, akaenda pa dirisha kufungula telefone ya Patrice. Akatafuta ncha ya fil na kidole. Haikuonekana, ilikuwa ndani, fasi aliificha yee mwenyewe. Kidole chake kikabakia pale.

Akaona tena ile kijana. Gunia. Mara tatu. Akakaza. Halafu ile mukono, mbele Patrice hajafunga télé, ikakunja ncha, ikaisukuma ndani na kidole kikubwa.

— Clotilde, akasema. Clotilde, anaikunjaka.

— Nani?

— Nipatie ile telefone.

Akapigia Yaya Barthélemy, mukubwa wa famille.

— Yaya, kesho hakuna kilio.

— Athanase, wazimu imekukamata? Bantu wameshatoka Kakanda! Na turubai, nitairudisha aje?

— Turubai mulete. Nitafunikia mizigo. Naenda Kalemie.

— Ulimuona uso?

— Sikumuona uso.

Mama Clotilde akatoa kitambaa ku macho.

— Na kama si yee, baba?

— Kama si yee, Athanase akasema, nitauliza ule kijana ni nani alimufundisha.