Barakoa ya Maua

Mkutano wa mtaa uliitishwa kuamua kama barakoa ziendelee kuwa lazima sokoni. Mimi fundi cherehani, mwenye mdomo wa sungura tangu kuzaliwa, nilisimama nikasema ziendelee, maana watu bado wanakufa.

Shemeji yangu, muuza nyama, hakunyoosha hata mkono. “Huyo msimsikilize! Anataka tufunike nyuso sote ili na yeye aonekane mtu.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikaa safu ya mbele, na barakoa ya maua niliyomshonea mwenyewe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Masikini mama, nikajua analia kwa ajili yangu.

Kisha akaishusha barakoa, apate pumzi ya kucheka vizuri.