Mama Hashuki

Watoto wangu walipochanga kutununulia safari ya meli, mimi na baba yao, waliniuliza mambo mengi. Waliniuliza kama nina sweta zito, kama najua kuogelea, kama bahari itanichafua tumbo. Hawakuniuliza kama nataka kushuka.

Jumapili moja walikuja wote nyumbani ili tuchague njia. Meli ilikuwa na njia tatu, na kila njia ina bandari zake: meli inafika asubuhi, abiria wanashuka kutembea, jioni wanarudi kulala humo humo. Kijitabu cha picha kilikuwa juu ya meza ya chakula, na wanangu wamekiinamia kama madaktari wanaompasua mtu. Mimi nilikuwa jikoni. Ningekuwa wapi kwingine?

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka nilipostaafu. Masufuria ya pale, mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuoga ndani na bado akajinyoosha. Mpishi wa shule anakula mwisho, tena anakula amesimama, sahani imekaa juu ya gunia la mchele na jicho moja liko kwenye foleni. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Nikikaa tu, huyu anataka chumvi, yule anataka maji. Sisemi kwamba walinitesa, la hasha. Nasema kwamba chakula changu mwenyewe nakionja chumvi kikiwa cha moto, halafu nakila kikiwa baridi.

Basi nikawa naingia na kutoka na mabakuli, na mjadala nausikia vipande vipande.

"Mama lazima aione ngome hii," alisema mkwe wangu, mwalimu wa historia. "Ngazi zake peke yake ni somo zima."

"Ngazi za nini na magoti yale?" mke wake akamkatiza. Huyo ndiye binti yangu wa kwanza, muuguzi, na kauli yake huwa haina rufaa. "Apelekwe penye soko la vitambaa. Na sisi atatuchukulia."

Kitinda mimba wangu, kinyozi, alikuwa ameshika ukurasa mwingine. "Hapa sasa! Unaning'inizwa kwenye kamba, unavuka bonde zima."

"Kamwambie mama yako apande," dada yake akamjibu.

"Si ndiye huyo huyo mama yako?"

Baba yao naye alikuwa na ukurasa wake. Alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, na tangu nimjue hajawahi kuvuka daraja bila kuchungulia chini yake. Alikuwa ameweka kidole kwenye picha ya daraja kubwa linalofunguka katikati kupisha meli. Daraja hilo alianza kunisimulia tukiwa wachumba. Kila mara alikuwa akisema, "Siku moja tutasimama pale, mimi na wewe."

Niliwapakulia, wakala. Nikarudi kuchukua jagi la maji, na nilipotoka walikuwa wameshakata shauri. Sahani yangu ilikuwa pembeni, imefunikwa na sahani nyingine.

"Mama, tumekuchagulia njia ndefu!" binti yangu alisema, uso unang'aa kwa furaha. "Kila siku bandari mpya, na daraja la baba limo. Hutakaa hata siku moja!"

Sijui maneno hayo yaliniingiaje. Nikaweka jagi chini.

"Mimi nataka kukaa," nikasema.

Wakacheka. Walipoona sicheki, wakageuka kunitazama.

"Kukaa wapi, mama?"

"Melini. Katika chumba cha kulia, kwenye kiti cha dirishani. Si mmesema chakula kipo wakati wote? Nataka niletewe sahani inayofuka moshi, nile mpaka nimalize, na asiniite mtu. Mtu akilalamika huko nyuma kwamba chumvi haitoshi, nisigeuze hata shingo."

Binti yangu alikuwa karibu kulia. "Hatukuchanga ili ukakae! Watu watatuuliza mama aliona nini huko."

"Waambieni aliona sahani."

Mkwe wangu akakohoa kidogo. "Kwa kweli kushuka si lazima. Anayetaka kubaki melini anabaki."

Nikamtazama baba yao. Kidole alikuwa amekiondoa kwenye daraja, na mikono yake imekaa mapajani. Roho iliniuma. Miaka yote mtu anawaza kusimama mahali na mkewe, halafu mkewe anachagua kiti! Najijua mimi. Angesema neno moja tu la kusikitika, ningebeba mkoba na kushuka kila bandari, na ngome ningeipanda na magoti yangu haya, na hakuna ambaye angenisikia nikiguna. Na yeye ananijua hivyo hivyo.

Hakusema neno. Alisimama, akachukua sahani yangu, akaenda jikoni.

Tukasikia mfuniko ukianguka. Tukasikia kabati likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Kiberiti kikawashwa, kikazimika, kikawashwa. Binti yangu akainuka.

"Kaeni!" sauti ikatoka jikoni.

Harufu ya kuungua ilimtangulia. Alitoka ameshika sahani kwa pindo la shati, maana hajui kitambaa cha jikoni kinakaa wapi. Akaiweka mezani, mbele ya kiti kilichokuwa dirishani, akakivuta kiti.

"Kaa, mke wangu." Mbele ya watoto huwa haniiti hivyo.

"Na daraja lako?"

"Siku ya daraja utashuka na mimi. Hizo nyingine nitazurura mwenyewe, nikirudi nikusimulie. Ila nikukute umekaa."

Machozi yalinilenga, nikayazuia. Nikakaa.

Kitinda mimba, ambaye alikuwa bado anatafuna, akageuka kwa mazoea. "Mama, chumvi iko wap—"

"Jikoni," baba yake akajibu. "Na miguu unayo."

Wali ulikuwa umeungua upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa bado baridi. Katikati ulikuwa wa moto. Nikaanzia katikati.