Matumbawe ya Bi Sabiha

Mwalimu Mudathir alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja pale Tanga mjini, na wanafunzi wake wengine sasa ni madaktari. Lakini maji ya tangi moja la samaki, tena nyumbani kwake mwenyewe, yalimtoa jasho. Mganga hajigangi.

Tangi lile la kioo alilitengeneza kwa ajili ya mkewe, Sabiha, baada ya kiharusi kumlaza kitandani na kumnyang'anya maneno. Alipanda mimea ya majini, akatia samaki wadogo wekundu, akalisogeza karibu na kitanda. Sabiha, ambaye alikuwa haangalii mtu wala televisheni, akaanza kuliangalia. Macho yake yalitua pale tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwalimu alipata nguvu za kuishi.

Tangi lilipofikisha mwezi wa pili, majani yakaanza kuoza kuanzia nchani. Samaki watatu wakafa siku moja. Mwalimu akapima maji kwa vichupa vyake vya dawa: ugumu umepanda, na pH imefika nane na nusu, ilhali mimea ile hutaka maji laini yenye uchachu kidogo. Akalaumu maji ya bomba. Akakinga mvua za vuli kwenye mapipa, akabadilisha nusu ya maji. Akaloweka majani makavu ya mkungu mpaka tangi likawa na rangi ya chai. Jioni pH ilishuka. Kesho yake ikawa imerudi palepale.

"Baba, pumzika," binti yake Hasina alimwambia. "Samaki tu hao."

"Mama yako akiacha kutazama, mimi nitabaki na nini?"

Mwalimu akampigia simu Yasini, muuza samaki wa mapambo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. pH ya maji yangu haishuki, Yasini, nimefanya kila kitu."

"Mle ndani umeweka mawe gani?"

Mwalimu akaligeukia tangi. Mawe yalikuwa matumbawe meupe ya Kigombe, kwa kina Sabiha. Alikuja nayo kwenye kapu alipoolewa, na miaka yote yalikaa dirishani, mpaka mwalimu alipoyatia tangini.

"Litoe moja, likauke, ulikamulie ndimu," Yasini akasema.

Jiwe likatoa povu. Basi ona mambo: baba yake mwalimu alikuwa mchoma chokaa Tongoni. Mwalimu alilishwa, akavishwa na kusomeshwa kwa matumbawe yaliyochomwa tanurini, na bado hakukumbuka kwamba jiwe lile ni chokaa tupu, huyeyuka polepole majini na kuyafanya magumu. Aliona aibu hata mbele ya ndimu.

Akayatoa yote, akabadilisha maji mara kadhaa. Baada ya wiki mbili ugumu ulipungua, pH ikawa sita nukta nane, mimea ikachipua. Alifurahi siku mbili. Siku ya tatu ndipo alipong'amua kwamba Sabiha hatazami tena. Macho yake yalipita juu ya tangi, yakaenda mlangoni, yakabaki huko.

Akayarudisha mawe, moja moja, kila moja mahali pake, akijua anaiua mimea kwa mkono wake. "Sabiha, mawe yako haya hapa," alimwambia. Sabiha hakugeuka. Wiki nzima hakugeuka. Mwalimu hakujua tena kama ni mawe yaliyomvuta, au samaki, au maradhi tu yalikuwa yamesonga mbele wakati yeye ameinamia vichupa.

Majani yakaanza kuoza upya. Hasina akamuuliza kama ayatoe mawe, angalau mimea ipone. Mwalimu hakuweza kusema ndiyo, wala hapana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama mlangoni, kule macho ya mkewe yalikoelekea, asione kitu.